Waulize Wajuzi: Kovu Bichi na Jua la Kaskazi

Mfuko wa barua wa mwezi huu umejaa makovu: ya patasi, ya uji wa moto, ya piko, ya sikio lililotobolewa. Kaskazi imeingia, jua limesimama, na wengi mnauliza jambo moja kwa maneno tofauti: mbona kidonda kilipona vizuri, halafu kovu likaharibika baadaye? Tumeanza na barua iliyoliuliza hilo waziwazi, ndiyo maana jibu lake ni refu.

Patasi na weusi

*Salamu kwenu. Mimi ni fundi wa mashua hapa Matondoni. Wiki saba zilizopita patasi ilinichana mkono, karibu na kiwiko, nikashonwa nyuzi sita, zikatolewa siku ya kumi. Kidonda kilifunga safi. Lakini sasa kovu limekuwa jeusi tititi kuliko mkono wenyewe, na naona linapanuka. Wenzangu wanasema ni kawaida, tena ngozi yetu jua haliiwezi. Ni kweli?*
Fundi, Matondoni

Fundi, wenzako wamesema nusu. Ngozi nyeusi haiungui upesi, hilo ni kweli: kinga yake ya asili ilipopimwa ilikaribia SPF 13 (SPF ni kile kipimo cha kinga ya kuungua kinachoandikwa kwenye krimu za jua), wakati ya ngozi nyeupe ilikuwa kama 3. Lakini hiyo ni kinga ya kuungua, si ya kuingia doa. Na kovu la wiki saba bado halijawa ngozi yako.

Kidonda kikifunga watu husema kimepona. Kwa ndani, kazi ndiyo kwanza imeanza. Mwili umeziba tundu kwa haraka, nyuzi za kolajeni zimerundikwa kama makuti yaliyotupwa chini, hayajasukwa; kuzipanga upya huchukua mwaka mzima hadi mwaka na nusu. Wiki ya tatu kovu halijafika hata theluthi ya nguvu za ngozi nzima. Baadaye hufika kama asilimia 80, na hapo ndipo linapokomea. Kwa hiyo kila unaposukuma randa au kuinua nyundo, pande mbili za ule mshono zinavutana, na kovu linatanuka. Ndio upana unaouona.

Weusi nao una njia yake. Jeraha huziamsha seli zinazotengeneza rangi, nazo hutoa rangi kupita kiasi, nyingine ikazama tabaka la chini ambako mwili huchukua miezi, pengine zaidi ya mwaka, kuisafisha. Jua likizikuta seli hizo zingali macho, hazilali. Na kwa sisi wenye ngozi nyeusi si ile miale ya kuunguza peke yake: hata mwanga wa kawaida wa mchana, huu tunaouona kwa macho, hutia weusi. Lishike hilo, maana ndilo linaloamua ununue krimu gani.

Ila usianze na krimu. Anza na nguo. Shati la mikono mirefu, kitambaa kilichofumwa kwa kubana, rangi iliyokoza. Kulipima si kazi: liinue mbele ya dirisha, ukiona paa la jirani kupitia kitambaa, jua nalo linakuona. Fulana nyeupe ya pamba iliyochakaa ni kinga dhaifu, na ikilowa jasho au maji ya bahari hupitisha miale zaidi kuliko ikiwa kavu. Kikoi kizito kilichokunjwa mara mbili kinaishinda.

Chini ya shati, bandika plasta ya karatasi, ile ya rangi ya kahawia yenye upana wa kama sentimita 2.5. Hii hufanya kazi mbili: inazuia sehemu ya mwanga, na inashikilia pande za kovu zisivutane. Osha kovu kwa sabuni isiyo na manukato, kausha kabisa, kata kipande kinachozidi kovu kwa sentimita moja kila ncha, ukilaze kufuata urefu wa kovu bila kuivuta plasta. Hapo ndipo wengi hukosea: wanaivuta wakidhani itabana vizuri, na kesho yake ngozi ya ukingoni imetoka malengelenge. Iache mpaka ianze kubanduka yenyewe, siku tatu hadi saba, ingawa kwa jasho la kazi yako huenda isivuke mbili. Kuing'oa, ilowanishe kwanza, kisha vuta taratibu kutoka ncha kuelekea katikati ya kovu. Endelea hivyo miezi mitatu.

Na deheni, ile ya kupaka mashua. Chokaa iliyomo huichoma ngozi changa, nawe hutahisi sana kwa sababu kovu bado halina hisia kamili. Ikikurukia, oshea maji mengi papo hapo, usingoje jioni.

Siku ambazo huwezi kujifunika, paka krimu ya kukinga jua, SPF 30 au zaidi, dakika 20 kabla ya kutoka. Kwa kovu la urefu wa kidole, pamoja na ngozi ya kandokando, kiasi chake ni kama punje moja ya mbaazi. Ni nyingi kuliko unavyodhani: ukiipaka utaona imejaa juu ya ngozi, ipe muda ikae. Ukitumia nusu yake, kinga iliyoandikwa kwenye chupa hushuka vibaya sana. Rudia kila baada ya saa mbili, na mara tu baada ya kujifuta jasho.

Saa za hatari ni tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, lakini kipimo cha kweli unacho mwenyewe: kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali. Lamu iko nyuzi 2 na ushei tu kusini mwa ikweta. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua hupita utosini, kivuli kikakuishia miguuni. Msidanganywe na kusi pia. Upepo ule unapoza ngozi, miale hauigusi.

Krimu inayopaka chokaa

*Mimi ni nahodha wa boti ya wageni, Malindi. Nina kovu shavuni la miezi minne. Nilinunua krimu ya SPF 50, nikiipaka naonekana kama nimepakwa chokaa, abiria wanacheka. Isitoshe ni ghali, na sioni tofauti. Siku za mawingu huwa siipaki.*
Nahodha, Malindi

Nahodha, uweupe huo ni wa oksidi ya zinki au titani, madini yanayozuia miale. Ni kinga nzuri, ila kwa ngozi yako umenunua rangi isiyo yako. Tafuta ile iliyotiwa rangi ya kahawia. Si kwa urembo tu: rangi hiyo hutokana na oksidi za chuma, nazo ndizo zinazozuia ule mwanga wa kawaida tuliomweleza Fundi hapo juu. Krimu isiyo na rangi, hata iwe SPF 50, mwanga huo huuachia upite karibu wote, na huenda ndiyo sababu huoni tofauti. Geuza chupa usome nyuma, utafute namba hizi: CI 77491, CI 77492, CI 77499. Ndizo oksidi za chuma. CI 77947 ni zinki, CI 77891 ni titani. Muuzaji asipojua, namba zinajua.

Usisumbuke na mbio za SPF. 30 huzuia kama asilimia 97 ya miale ya kuunguza, 50 kama 98. Kinachokuponyoka ni kurudia. Kwa uso mzima chora mistari miwili, mmoja juu ya kidole cha shahada na mwingine juu ya kidole cha kati, kutoka ncha hadi shina. Hicho ndicho kipimo. Kwenye boti jua linakupiga kutoka juu na povu la bahari linakurudishia sehemu yake kutoka chini, ndiyo maana kofia peke yake haitoshi, japo uivae, ya pama pana, si ile ya mdomo wa mbele tu. Ukiingia majini hujajificha: nusu mita chini ya maji bado kuna kama asilimia 40 ya miale iliyo juu. Na wingu jepesi hupitisha hadi asilimia 80.

Ukiacha chupa juu ya sitaha siku nzima, krimu hukatika. Ukiikamua ikatoka maji kwanza halafu donge, itupe. Iweke ndani ya taulo kivulini, au kwenye sanduku la barafu la vinywaji vya wageni. Na kwa kuwa mkate wako ni matumbawe ya hifadhi iliyolindwa tangu 1968, chagua ya madini badala ya zenye kemikali ya oksibenzoni. Hawaii wamepiga marufuku kuziuza tangu 2021 kwa ajili ya matumbawe yao.

Uji wa moto

*Mwanangu wa miaka minne alimwagikiwa uji mkononi miezi mitatu iliyopita. Kidonda kilichukua mwezi na zaidi kufunga. Sasa kovu limeinuka, gumu, linawasha usiku mpaka analia, na mkono hataki kuunyoosha wote. Nasubiri akue kidogo, wanasema litalainika.*
Mama, Langoni

Mama, usisubiri. Kuinuka na kuwasha tungeweza kukwambia uvumilie, lakini kiwiko kisichonyooka hakingoji. Kovu la moto hujikunja kama ngozi ya ngoma inayokaushwa juani, na mtoto anakua: mfupa unarefuka, kovu halirefuki. Ukikaa mwaka, kazi ya mazoezi inakuwa kazi ya kisu. Wiki hii mpeleke hospitali ya kaunti, uombe kuonana na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, si kuandikiwa dawa ya kupaka tu. Huenda akatengenezewa gango la kulalia usiku, mkono ukiwa umenyooshwa.

Kidonda cha moto kinachopita wiki tatu bila kufunga kina kila dalili ya kuacha kovu la kuinuka. Kwa kawaida huvimba miezi mitatu hadi sita ya mwanzo, kisha huanza kushuka pole pole. Uko katikati ya wakati wenyewe. Haya ndiyo ya kufanya nyumbani tangu leo.

Kukanda. Mara tatu au nne kwa siku, dakika tano tano, vizuri zaidi baada ya kuoga ngozi ikiwa laini. Kata kucha zako. Paka mafuta yasiyo na manukato. Ya nazi yaliyo safi yanafaa, na hata mafuta mazito ya mgando. Weka kidole gumba juu ya kovu, bonyeza mpaka ukucha wako ubadilike uwe mweupe, hesabu hadi tano, achia. Kisha zungusha duara ndogo bila kidole kuteleza: ngozi ndiyo inayotembea juu ya nyama, si kidole juu ya ngozi. Kidole kikiteleza unapaka mafuta, hukandi. Maliza kwa kulishika kovu kati ya vidole viwili na kulinyanyua kidogo. Likitoka lengelenge au likichubuka, acha mahali hapo mpaka pakauke.

Kunyoosha. Mkono unyooke mpaka pale anapoanza kukunja uso, ushikilie sekunde 20 hadi 30, mara tano, na zoezi zima mara tano kwa siku. Mtoto wa miaka minne hatakubali zoezi, atakubali mchezo. Mpe chaki achore juu ukutani, mwambie akupe vibanio unapoanika nguo, kamba ikiwa juu ya kichwa chake, mrushie mpira.

Silikoni. Kuna ya karatasi na ya krimu. Kwa kiwiko kinachojikunja kutwa nzima, krimu ni rahisi: tabaka jembamba mara mbili kwa siku, ikauke kama dakika tano kabla ya nguo. Ukipata karatasi, anza saa nne kwa siku, ongeza saa mbili kila siku mpaka ifike 12 au zaidi. Ioshe kila siku kwa sabuni na maji, na kovu pia. Kwa joto letu jasho hunaswa chini yake na kutoa vipele. Vikitoka, pumzisha siku mbili, anza tena kwa saa chache. Miezi miwili hadi mitatu ndiyo ya chini. Silikoni haiendi kwenye kidonda kilicho wazi.

Hospitali wakimpimia nguo ya kubana, huvaliwa saa 23 kwa siku, ikivuliwa kwa kuoga na kukanda tu, kwa mwaka au zaidi. Omba mbili, moja ikifuliwa nyingine ivaliwe, na zianikwe kivulini kwa sababu jua huua mpira wake. Mtoto anakua, kwa hiyo ipimwe upya kila baada ya kama miezi mitatu. Nguo iliyolegea ni nguo tu.

Muwasho: kovu la moto halina tezi za mafuta, hukauka. Mpake mafuta kabla ya kulala na akiamka, mtie kitambaa cha maji baridi, na umuulize mfamasia kipimo cha dawa ya mzio kwa uzito wake. Mchana mvalishe mikono mirefu. Kovu hili jua linalitia weusi wa kudumu kuliko lile la Fundi.

Na kwa mama wengine wanaosoma: siku ya ajali ni maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20, hata ukiwa umechelewa ndani ya saa tatu za mwanzo. Si dawa ya meno, si unga wa ngano, si ute wa yai. Vyote hivyo hufungia moto ndani, na muuguzi atalazimika kuvikwangua juu ya ngozi iliyoungua.

Ua la piko

*Harusini kwetu nilipakwa piko. Siku ya nne mkono ukawasha, ukatoka malengelenge kufuata ua lile lile. Sasa yamekauka lakini ua limebaki, sehemu nyeupe sehemu nyeusi. Litaondoka?*
Msomaji, Mkomani

Litaondoka kwa kiasi kikubwa, dada, ila kwa miezi, si wiki. Kilichokuunguza si hina. Hina halisi hutoa rangi ya chungwa kisha kahawia nyekundu, na haiwi nyeusi kwa nusu saa. Piko ni rangi ya nywele, na ndani yake mna kemikali iitwayo PPD. Ulaya sheria inairuhusu kwenye rangi ya nywele isizidi asilimia 2 ikifika kichwani, na kuipaka ngozini hairuhusu kabisa. Harusini hukorogwa kwa jicho.

Mkono ufunike kitambaa au paka krimu ya jua yenye rangi, kila siku, mpaka tofauti ipotee. Usisugue. Usipake mkorogo ili kulinganisha, utauongeza weupe pale palipo peupe.

La kudumu ni hili: mwili wako sasa unaijua PPD, na hautaisahau. Siku utakapopaka rangi nyeusi ya nywele, uso unaweza kuvimba mpaka macho yafunge. Mwambie msusi wako, na mwambie daktari kabla ya ganzi ya kupaka, maana baadhi ya dawa hizo zina udugu na PPD. Na ikiwa bado una harusi mbele yako, hina ya majani yaliyosagwa, na ndimu kidogo ndani ya mchanganyiko. Ndimu nyingine iache jikoni. Kwa nini, soma barua inayofuata.

Ndimu

*Nauza achari na maji ya ndimu sokoni. Nilisikia ndimu hufuta makovu, nikawa nasugua kovu la goti kila asubuhi. Pamekuwa peusi zaidi, na mikononi nimetoka mabaka kama nimechirizikiwa na kitu.*
Muuzaji, Malindi

Umechirizikiwa na ndimu yenyewe. Ganda na maji yake yana kemikali inayolala kimya ngozini mpaka jua liiguse. Hapo huunguza kama moto. Haiji papo hapo, huja baada ya siku moja au mbili, ndiyo maana hakuna anayeishtaki ndimu. Wekundu au malengelenge, kisha mabaka meusi yenye umbo la mchirizi au alama za vidole, yanayokaa wiki hadi miezi.

Acha kusugua leo. Ukimaliza kukamua nawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko kabla ya kutoka juani. Maji matupu hayatoshi. Vaa glavu siku za kazi nyingi. Mabaka yafunike na uyaache yenyewe.

Sikio

*Nilitoboa sikio mara ya pili nikiwa na miaka 19. Pametoka uvimbe, mwaka wa pili sasa, umekuwa kama punje ya korosho. Kuna mtu ananiambia atanikata kwa dakika kumi.*
Dada, Barani

Hiyo ni keloidi, na akikukata tu uwezekano ni zaidi ya nusu itarudi, mara nyingi kubwa kuliko hii. Kovu la kawaida lililoinuka hubaki ndani ya mipaka ya jeraha na baada ya mwaka hushuka. Keloidi huvuka mpaka, haishuki, na kisu kwake ni jeraha jingine la kulijibu. Hupenda ndewe za sikio, kifua, mabega na taya.

Matibabu ya kuanzia ni sindano ya triamsinoloni, dawa ya kusinyaza uvimbe, ndani ya uvimbe wenyewe, miligramu 10 hadi 40 kwa mililita, kila wiki nne hadi sita, mara kadhaa. Inauma, tusikufiche, uvimbe ni mgumu na dawa huingia kwa nguvu. Kama inaingia bila upinzani wowote, huenda imekwenda chini ya keloidi, na hapo ngozi hubonyea. Doa jeupe linaweza kutokea, mara nyingi hurudi rangi baada ya miezi.

Ikiwa ni kubwa mno kwa sindano peke yake, hukatwa kisha sindano zikaendelea, pamoja na hereni maalumu ya kubana inayovaliwa saa 12 au zaidi kwa siku, kwa miezi sita. Muulize atakayekukata: baada ya kisu, nini? Asipokuwa na jibu, shuka kitandani. Kuigandisha kwa baridi kali nako kupo, ila kwa ngozi nyeusi huacha baka jeupe kubwa, fikiri mara mbili.

Usitoboe tena popote, wala usichanjwe chale. Wazee waliotoboa masikio ya mabinti wangali wachanga walikuwa na bahati ya jambo: keloidi za sikio huonekana zaidi kwa waliotobolewa baada ya miaka 11.

Kwa ufupi

Wanne wameuliza juu ya vidonge vya vitamini E vya kupasua na kupaka. Havijaonyesha faida kwenye makovu, na wengi huwatoa vipele. Pesa hiyo ni ya plasta.

Mashimo ya chunusi usoni hayana krimu. Krimu huondoa weusi. Shimo ni nyama iliyopungua, na hutibiwa na daktari wa ngozi kwa sindano au kwa kuzikata nyuzi zinazolivuta chini. Chunusi mpya zizuiwe kwanza.

Mkorogo: zebaki, haidrokwinoni na dawa kali za steroidi zinazouzwa kwa kijiko bila jina. Steroidi hufanya ngozi nyembamba kama karatasi, na kovu juu yake hutanuka. Haidrokwinoni ya miaka huishia na weusi wa samawati usotoka. Hatuna zaidi la kusema.

Kovu la zamani lililofunguka

*Niliungua mguu nikiwa mtoto, yapata miaka 40. Kovu halikunisumbua. Tangu mwezi wa tano kidonda kimefunguka juu yake, hakifungi, nanyunyiza unga wa vidonge. Kina harufu.*
Mzee, Mambrui

Shikamoo, mzee wetu. Acha unga wa vidonge, unakausha juu na kuficha chini. Kidonda kinachofunguka juu ya kovu la moto la miaka mingi, kikapita miezi mitatu bila kufunga, hatukiiti kidonda mpaka kipimwe. Kovu la zamani linaweza kugeuka saratani, na mara nyingi ni baada ya miongo kama hii yako. Kando zikiwa ngumu, zimeinuka kama ukingo wa sahani, harufu, na damu kwa mguso mdogo, ndizo dalili zenyewe. Papasa na kinena. Ukikuta mitoki, iseme.

Kipimo ni kukata vinyofu vidogo kwenye ukingo wa kidonda, mahali zaidi ya pamoja, kwa ganzi, na kuvipeleka maabara. Kikikatwa kinyofu kimoja cha katikati kinaweza kuonyesha nyama iliyooza tu, ukarudishwa nyumbani. Funika kidonda kwa shashi safi na bandeji isiyobana, upande tuktuk ya kwanza ya Malindi kesho, na ukifika kwa daktari usiseme una kidonda cha mguu. Sema una kovu la moto la miaka 40 lililofunguka, unahofia kidonda cha Marjolin, yaani hiyo saratani ya kovu, unaomba kinyofu kipimwe.